Bawaba ya Mzee

Watoto walishampa jina: Mzee. Aina yake ndiyo iliyotushinda, mpaka jirani yetu, fundi seremala hapa Baraka, alipoweka randa chini na kumpandisha kobe kwenye meza ya kazi.

Hakuanza na rangi. Aliuliza kwanza katoka wapi, nalo ni swali zito huku Fizi: tangu 2005 meli zilizorudisha wakimbizi kutoka Kigoma zimeshusha kila kitu ufukweni. Kobe madoa wa mbuga za ng'ambo ya ziwa, mwenye mgongo wa kuba, angeweza kufika ndani ya kapu la mtu.

Kisha akapitisha ukucha juu ya gamba, polepole, kutoka mabegani kwenda mkiani. Nyuma ya katikati ukucha ukanasa. Palikuwa na mfuo uliopinda, ukishuka ubavuni huku na huku hadi ukingoni. Akamgusa mguu wa nyuma. Gamba likainama, likafunga.

“Bawaba!” akacheka, kama aliyekuta kazi ya fundi mwenzake.

Kobe madoa hana bawaba. (Vifaranga vya aina ya Mzee navyo havina; bawaba huja wakikua, kwa hiyo mdogo asihukumiwe mapema.)

Sehemu ya vitabu ikabaki kwangu. Wenye bawaba mgongoni ni Kinixys. Yule wa msituni, Kinixys erosa, ukingo wake una meno kama msumeno, na kwa kawaida hana kigamba kidogo juu ya shingo. Mzee anacho. Kinixys belliana ameinuka mgongo. Mzee ni bapa. Basi ni Kinixys spekii, jina alilolitoa John Edward Gray mwaka 1863 kwa kumkumbuka mpelelezi Speke.

Hapo nami nikacheka. Speke na mwenzake Burton walipita maji yetu mwaka 1858 wakienda Uvira, wakatua Ubwari, na Burton akaiandika kuwa kisiwa. Ubwari ni rasi. Ziwa zima walilivuka, lakini ukucha hawakuupitisha.

Jina lenyewe lilitusaidia jambo moja kubwa. Tulikuwa tukimlisha matembele tu, naye akidhoofu. Kumbe kobe wa bawaba hula pia uyoga, jongoo na konokono. Mzee alikula konokono wawili jioni ileile.