Hongera, Fundi wa Vitasa

Anayejenga karibu na ufuo wa Malindi, Watamu au Kilifi ana adui mmoja asiyelala: chumvi. Kusi likivuma, chumvi huingia hadi tundu la ufunguo. Wengi wameacha mbao wakaweka milango ya alumini ya kuteleza, mingine ya vioo viwili, wakadhani wamepona. Lakini utazame ule unga mweupe unaozunguka skrubu: ni alumini inayolika, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, moja humla mwenziwe.

Hapo ndipo namsifu fundi. Mwenye nyumba ameshavuta mkono wa mlango hadi ukamkatikia (sote tumefanya hivyo), anataka kitasa kipya. Fundi hachomoi kitu kwanza. Anachuchumaa, anapitisha kidole relini. Mara nyingi kitasa hakina kosa: magurudumu ya chini yamejaa mchanga, mlango umeshuka, ulimi haukuti tundu lake. Anafagia, anaupandisha mlango kwa bisibisi, basi. Silinda ikiwa nzito, haimwagii mafuta yanayonasa vumbi. Hukwangua risasi ya penseli, akaupaka ufunguo unga wake.

“Jaribu sasa, mama.”

Klik.