Mbizi ya Dakika 222 Ilipimwaje?

Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nyangumi-mdomo wa Cuvier, karibu na Cape Hatteras nchini Marekani, alikaa chini ya maji dakika 222. Mwaka 2014 ilikuwa imeripotiwa kwamba mwenzake wa kusini mwa California alizama mita 2,992. Hakuna mamalia mwingine aliyepimwa akifika huko. Lakini mnyama huyu huibuka kwa dakika mbili hivi, akazama tena kwa saa nzima. Alipimwaje?

Kifaa cha kwanza ni DTAG, kilichobuniwa katika taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, Marekani. Hubandikwa mgongoni kwa vikombe vya kunyonya, kikarekodi kina, mwendo na sauti. Ndicho kilichowasikilizisha watafiti nyangumi hawa katika bahari ya Liguria, Italia: wanashuka kimya mamia ya mita, kisha wanaanza kutoa milio mifupi ya kutafutia windo gizani. Windo likikaribia, milio inafuatana upesi hadi inakuwa mvumo mmoja. Ila kifaa hiki hubanduka baada ya saa chache, na lazima kiopolewe baharini ndipo kisomwe.

Cha pili hurushwa kutoka kwenye mashua, kikanasa kwenye pezi la mgongoni kwa vishale vya titani, na hudumu wiki kadhaa. Taarifa zake hupitia setilaiti, na antena hufanya kazi ikiwa nje ya maji tu. Kwa dakika mbili hizo haiwezekani kutuma kila kitu. Basi kifaa chenyewe hufanya muhtasari: mbizi ilianza lini, ikaisha lini, ilifika kina gani. Sauti hakirekodi kabisa.

Kwangu mimi, siri ya mafanikio iko katika kukubali hasara hiyo. Kati ya mbizi 3,680 zilizochambuliwa Cape Hatteras, asilimia 95 ziliisha kabla ya dakika 78. Mbizi ya dakika 222 ni nadra mno; kifaa cha saa chache kingeikosa karibu kwa hakika. Aliyekubali kujua machache kwa muda mrefu ndiye aliyeipata.

Hata hivyo, muhtasari hauelezi sababu. Kwa hesabu ya watafiti, oksijeni ya mwilini ingetosha dakika 33 hivi. Je, nyangumi yule alikuwa akila, au akikwepa jambo? Swali hili ni zito, kwa kuwa Machi 2000 nyangumi wa jamii hii walikwama ufukweni huko Bahamas, na ripoti ya serikali ya Marekani ikataja sona za manowari zake, yaani mitambo ya kutafutia vitu majini kwa sauti, kuwa chanzo kinachoelekea zaidi.

Kwa hiyo anayepanga mipaka ya mazoezi ya kijeshi baharini asitegemee rekodi peke yake. Kifaa cha setilaiti kitamwonyesha mbizi isiyo ya kawaida. DTAG itamwonyesha kama nyangumi aliacha kuwinda sona ilipolia. Kimoja bila kingine ni ushahidi nusu.