Kamera Mbili, Abiria Mmoja: Mtihani wa Mbinga na Mbamba Bay

Tuchukulie zipo kamera mbili za ulinzi: moja stendi ya Mbinga mkoani Ruvuma, nyingine ufukweni Mbamba Bay, mwisho wa kilomita 66 za lami. Hakuna anayeonyesha kitambulisho, na kutoka juu ya nguzo zinakofungwa kamera, uso wa mtu mara nyingi ni vidoa vichache visivyosomeka. Kompyuta itajuaje kwamba aliyepanda gari huku ndiye aliyeshuka kule? Kazi hiyo ya kumtambua upya mpita njia imepiga hatua kubwa katika miaka kumi iliyopita. Inafaa tuielewe vizuri, kwa sababu nguvu yake na udhaifu wake vina chanzo kimoja: kwa sehemu kubwa, kinachotambuliwa ni mavazi.

Kwanza, programu hupekua video na kumzungushia kila mtu kisanduku. Kipande hicho cha picha hukatwa na kuletwa kwenye kipimo kimoja, mara nyingi nukta 256 kwenda juu na 128 kwenda upande. Kisha hupitishwa kwenye mtandao wa neva, mathalani ule uitwao ResNet-50, unaoigeuza picha kuwa orodha ya namba 2,048. Hakuna namba moja inayosema "koti jekundu" au "begi mgongoni". Maana imo katika orodha nzima. Orodha mbili zikikaribiana, mfumo huchukulia kuwa ni mtu mmoja. Zikiachana, ni watu wawili.

Ukaribu huo hufundishwa. Mtandao hupewa picha tatu kwa mpigo: mbili za mtu mmoja kutoka kamera tofauti, na moja ya mtu mwingine. Kila unapokosea, hurekebishwa kidogo, mara maelfu kwa maelfu. Mifano inayofundisha zaidi ni ya watu wanaofanana. Ukilazimishwa kuwatenganisha watu wawili waliovaa fulana nyeupe, mtandao hujifunza kutazama viatu, mkoba na urefu wa suruali. Mwaka 2018 wabunifu wa mbinu iitwayo PCB waliugawa mwili katika mikanda 6 ya mlalo, kuanzia kichwani hadi miguuni, na kila mkanda ukasomwa peke yake. Hivyo viatu havikumezwa tena na rangi ya koti.

Maendeleo hayo yamepimwa hasa kwa Market-1501, mkusanyiko wa picha za watu 1,501 zilizopigwa kwa kamera 6 mbele ya duka moja katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Ulipotolewa mwaka 2015, mbinu ya waandaaji wake ilimpata mtu sahihi katika nafasi ya kwanza kwa takriban asilimia 44. Miaka mitatu baadaye PCB ilivuka asilimia 92.

Asilimia hiyo, hata hivyo, ni mali ya Beijing. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mfumo uliofunzwa kwa picha za Hong Kong, na uliokuwa ukifanya vizuri hukohuko, ulipata asilimia 2 tu ulipopewa picha za Austria. Kamera ni tofauti, mwanga ni tofauti, mavazi ni tofauti, na ulichojifunza mtambo hakikusafiri nao.

Sasa tuilete mbinu hii kwetu. Mbinga iko katika nyanda za juu za Umatengo. Uso wa Ziwa Nyasa, ilipo Mbamba Bay, uko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni abiria huondoka Mbinga na sweta zito, kofia ya sufu na kitenge mabegani. Anaposhuka Mbamba Bay, sweta na kofia vimeingia kwenye mfuko na kitenge kimefungwa kiunoni. Kwa macho ya mama yake ni yuleyule. Kwa mtambo, mikanda ya juu imebadilika kabisa na iliyobaki labda ni miguu yenye ndala. Ongeza wanafunzi wenye sare moja na wanakwaya waliokata vitenge vya doti moja. Ongeza pia jua la alasiri: kamera ya ufukweni inayoelekea ziwani inatazama magharibi, na mng'ao wa maji humgeuza mtu kuwa kivuli cheusi.

Kuna tatizo jingine, nalo ni zito zaidi. Katika majaribio mengi ya maabara, mtu anayetafutwa yumo daima miongoni mwa picha. Katika maisha huenda ameteremka njiani, au ameshapanda meli ya MV Mbeya II kabla kamera haijamwona. Mfumo wa kupanga picha bado utamweka mtu fulani nafasi ya kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kupanga. Usipowekewa kiwango cha kusema "hayupo", mtu asiyehusika atabeba jina la mwingine.

Tanzania ina mfano mzuri wa kazi hii ikifanyika kwa uangalifu. Katika eneo la Tarangire, watafiti wamefuatilia twiga mmoja mmoja kwa picha, wakitumia programu ya Wild-ID iliyotoka Chuo cha Dartmouth na kuelezwa mwaka 2012. Programu hutafuta alama bainifu kwenye mabaka na kulinganisha mpangilio wake. Inafaulu kwa sababu mchoro wa mabaka ya twiga haubadiliki maishani. Hawezi kuuvua akifika kwenye joto. Tena programu hupanga tu picha zinazofanana zaidi, kisha mtafiti huzitazama na kuamua.

Binadamu anastahili uangalifu zaidi ya huo. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilikuwa na mkusanyiko wa picha za watu zaidi ya 2,000 waliopita mbele ya kamera zake 8 mwaka 2014. Ulipingwa na kuondolewa mwaka 2019. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali lililo wazi.

Kwa hiyo anayetaka kufunga mfumo huu Ruvuma aanze na mtihani wa hapahapa: watu waliojitolea kwa ridhaa, wapigwe picha Mbinga na Mbamba Bay, kipupwe na masika, wakiwa na sare na wakiwa wamebadilisha nguo, na baadhi yao wasifike kabisa kamera ya pili. Atangaze ni mara ngapi mfumo ulimtaja mtu asiye sahihi. Namba hiyo ndiyo ya kuuliza kabla ya kusaini mkataba, na hata ikiwa ndogo, mfanano wa kamera ubaki kuwa mwanzo wa uchunguzi. Mtu asikamatwe kwa sababu sweta lake linafanana na la mwingine.