Mkanda au Moshi

Wahandisi wa Abarth mjini Torino, waliounda magari ya mashindano ya Lancia, walikuwa na kila sababu ya kuchagua tabo. Mwaka 1980, na tena mwaka 1981, gari la Lancia Beta Montecarlo lenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,425 inayosukumwa na tabo lilikuwa limewapa Waitalia hao ubingwa wa dunia kwenye viwanja vya mbio. Ujuzi walikuwa nao. Na upande wa rali, Audi ya Ujerumani ilikuwa imeshaanza kuwatoa watu jasho kwa Quattro, gari la tabo linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hata hivyo, walipounda Lancia 037 ili ipambane na Quattro hiyo, waliiweka tabo kando wakafunga supachaja. Anayetaka kujua tofauti ya mashine hizi mbili hana mfano mzuri kuliko huo.

Injini hutoa nguvu kwa kadiri ya hewa inayoingia kwenye silinda. Petroli kuiongeza si kazi, hewa ndiyo yenye ubishi. Supachaja na tabo zote ni pampu za kuishindilia hewa hiyo kwa nguvu, ila zimeachana katika jambo moja: nani anaizungusha pampu. Supachaja huzungushwa na krenki ya injini kwa mkanda. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kuelekea kwenye ekzosi. Sifa na kasoro zao karibu zote zinaanzia hapo.

Supachaja ya 037 iliitwa Volumex, nayo ni ya aina ya Roots, jina la ndugu wawili wa Connersville, Indiana, waliosajili uvumbuzi wao mwaka 1860, kabla hata gari la petroli halijazaliwa. Ukiifungua unakuta kasha la aluminiamu lenye rota mbili zinazopishana. Zinakaribiana mno lakini hazigusani, wala haziugusi ukuta wa kasha. Gia mbili zilizo ubavuni ndizo zinazozishikisha zamu. Pengo likiwa kubwa, hewa inarudi ilikotoka na presha inakufa. Likiwa dogo kupita kiasi, chuma kikishapata moto kinatanuka, rota zinakwaruzana, na hapo hakuna tena pampu. Fundi anayechonga rota hizo anafanya kazi katikati ya hatari mbili, na pa kupita ni pembamba kuliko unywele.

Gharama yake iko wazi. Mkanda unaiibia injini sehemu ya nguvu zake kila sekunde, na aina ya Roots huipasha hewa joto jingi, ilhali hewa ya moto ni nyepesi na huiletea injini kugonga. Abarth hawakujifanya hawaoni. Katika matoleo ya mashindano walinyunyizia maji kwenye hewa hiyo ili ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda.

Tabo nayo ina maajabu yake. Moshi wenye joto linaloweza kufika nyuzi 900 unaligonga gurudumu dogo la aloi ngumu. Shafti moja fupi inaliunganisha na gurudumu jingine la aluminiamu linalovuta hewa ya kawaida kutoka nje. Upande mmoja tanuri, upande wa pili baridi, na katikati shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Ndiyo maana madereva wa zamani, baada ya mwendo mkali, waliiacha injini ingurume kidogo kabla ya kuizima: oili ikituama ndani ya tabo yenye moto, inaungua na kugeuka masizi. Faida yake ni kubwa, maana tabo inavuna nishati ambayo ingemwagwa hewani. Kasoro yake ni kusubiri. Moshi ukiwa mchache gurudumu linalegea, na dereva anapokanyaga mafuta kuna kitambo cha ukimya kabla nguvu haijaja. Ikija, inakuja yote kwa mkupuo.

Hapo sasa ndipo uamuzi wa Torino unapoanza kueleweka. Quattro ilikuwa na nguvu zaidi ya farasi 300 na magurudumu manne ya kuzigawia. Ikipata mkupuo, ardhi inaushika. Lancia 037 ilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Gari la namna hiyo likipewa nguvu kwa kuchelewa kisha kwa ghafla katikati ya kona, mkia unatangulia. Lilihitaji nguvu inayotii mguu: ukikanyaga kidogo upate kidogo, ukikanyaga sana upate sana, wakati uleule. Mkanda unatoa hivyo. Wakati huo madereva wa Quattro walilazimika kuzoea kufunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta, ili moshi usikatike na tabo isilale.

Mwaka 1983, katika ubingwa wa dunia wa rali, Walter Röhrl alishinda Monte Carlo, Ugiriki na New Zealand kwa 037, na Markku Alén akashinda Corsica na Sanremo. Hannu Mikkola wa Audi alitwaa taji la madereva, lakini taji la watengenezaji lilikwenda Lancia kwa pointi 118 dhidi ya 116. Mpaka leo hakuna gari jingine la kuvuta kwa magurudumu mawili lililochukua taji hilo.

Mtu akiishia hapo anaweza kuhitimisha kwamba mkanda umeushinda moshi. Afike kwanza Kenya. Mwaka 1984, 1985 na 1986 Safari Rally ilichukuliwa mfululizo na Toyota Celica yenye tabo, nayo pia ilisukumwa kwa nyuma. Mwaka 1986 Alén aliileta 037 na kumaliza wa tatu, nyuma ya Toyota mbili. Toyota ilikuwa ngumu na timu yake iliijua barabara, kwa hiyo tusiipe tabo sifa zote. Lakini hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina presha pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Supachaja imefungwa kwenye krenki, haiwezi kwenda mbio kuliko puli yake inavyoiruhusu. Tabo, ikikutana na hewa nyepesi, inaweza kuzunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kisha Torino wakafanya jambo linalonivutia kuliko yote: wakakataa kuchagua. Lancia Delta S4 ilifungwa zote mbili, supachaja ya kuisukuma injini mizunguko ikiwa chini na tabo kubwa ya kupokea kazi mizunguko ikipanda, na kati yao vali za kuiachia hewa ipite njia sahihi kwa wakati sahihi. Hata ukubwa wa injini ulipigiwa hesabu. Kanuni zilizidisha ujazo wa injini yoyote ya kushindiliwa hewa kwa 1.4, ujazo wa 1,759 ukizidishwa unaangukia chini kidogo ya 2,500, na daraja hilo liliruhusu gari la kilo 890. Novemba 1985, katika mashindano yake ya kwanza ya dunia huko Uingereza, Henri Toivonen alimaliza wa kwanza na Alén wa pili.

Nguvu hizo ziliwapita binadamu na barabara. Tarehe 2 Mei 1986, Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki Corsica ndani ya gari hilo, na magari ya Kundi B, daraja la rali ambalo Delta S4 ilikuwamo, yakapigwa marufuku kuanzia mwaka uliofuata. Waliounda vali zile walikuwa mabingwa wa kazi yao, lakini hakuna vali inayopanua barabara.

Kwa anayetaka kuongezea gari lake la spoti pumzi, hukumu yangu ni hii. Kama gari ni jepesi, linasukumwa kwa nyuma na unalipendea kona, chukua supachaja na ukubali kulipia petroli. Kama unaishi nyanda za juu, unasafiri masafa marefu, au unataka nguvu nyingi kutoka kwenye injini ndogo, chukua tabo. Za siku hizi ni nyepesi na zinaongozwa na kompyuta, kusubiri kumepungua sana. Na kabla ya kununua chochote, muulize fundi wako kuhusu pistoni, rejeta, oili na petroli utakayotumia. Injini iliyoundwa kuvuta hewa yenyewe ikishindiliwa bila maandalizi haidumu, iwe ni kwa mkanda au kwa moshi.