Kromosomu Y katika figo ya mwanamke

Mshipa mpya wa limfu ukiota kwenye kiungo cha mtu mzima, seli zake hutoka wapi? Huenda seli za mishipa iliyopo zinagawanyika papo hapo. Huenda pia seli tangulizi husafiri ndani ya damu na kuja kujiunga na ukuta. Panya hubadilishwa vinasaba ili seli zake zifuatiliwe; binadamu hafanyiwi hivyo.

Dontscho Kerjaschki na wenzake wa Vienna walipitia mlango mwingine, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Medicine. Walichunguza figo zilizopandikizwa zikakataliwa na mwili, ambapo mtoaji na mpokeaji walikuwa wa jinsia tofauti. Seli za mwanamke hazina kromosomu Y. Figo yake ikiwekwa kwa mwanamume, seli yenye Y itakayoonekana humo ni ya mpokeaji. Alama hiyo haikuwekwa na mtafiti, alizaliwa nayo mgonjwa. (Si kamilifu: mwanamke aliyewahi kubeba mimba ya mtoto wa kiume huweza kubaki na seli chache zenye Y kwa miaka mingi.)

Ila kuona Y peke yake hakutoshi, kwa sababu figo inayokataliwa imejaa seli za kinga za mpokeaji, nazo zina Y vilevile. Ni lazima ithibitike kwamba seli hiyo ni sehemu ya ukuta wa mshipa. Hata hapo, seli ya kinga iliyolalia ukuta huweza kulidanganya jicho kwenye hadubini. Je, seli imo ukutani au imeulalia tu? Hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza kila nisomapo kazi za aina hii.

Seli za mpokeaji zilikutwa ukutani. Kilichonivutia zaidi ni ulinganisho: ngozi na utumbo wa kawaida, pamoja na saratani mbili adimu, kutoka kwa watu waliopewa uboho wa mtu wa jinsia nyingine. Huko, seli za mtoaji wa uboho hazikujiunga na mishipa ya limfu. Watafiti wakahitimisha kwamba uvimbe sugu wa kinga ndio unaoziita seli tangulizi, na kwamba yaelekea hupenya kwenye tishu zikiwa katika umbo la makrofaji, aina ya seli za kinga.

Hapo nakubali kwa shingo upande. Saratani mbili ni chache, na mishipa yake ilikuwa ikikua polepole, tofauti na ya figo. Tofauti mbili, uvimbe na kasi ya ukuaji, zimefungwa kamba moja. Kufika kwa seli hizo ukutani kuna ushahidi mzuri. Suala la makrofaji, kwa kazi hii, linabaki dhana.