Kilwa Jazz na Swali la Muziki wa Taifa

Mnamo tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge akiwa Rais, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wa waliosoma walikuwa hodari wa kucheza rumba, chachacha na waltz, ilhali hawakujua gombe sugu, mangala wala lele mama. Hotuba hiyo imefundishwa mara nyingi katika shule zetu, na inastahili kufundishwa. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo walikuwapo vijana jijini Dar es Salaam, wengi wao wakiwa si watu wa shule za juu, waliokuwa wakipiga rumba na chachacha kwa Kiswahili, na umma ukiwafuata. Je, vijana hao walikuwa wakiujenga utamaduni wa taifa, au walikuwa wakiuacha? Swali hilo bado halijajibiwa vizuri. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa kupitia bendi moja, nayo ni Kilwa Jazz.

Bendi ya Kilwa Jazz ilianzishwa na Ahmed Kipande mwaka 1958. Jambo la kwanza ambalo msomaji hana budi kulitambua ni kwamba haikuanzishwa Kilwa. Ilianzishwa Dar es Salaam, na ikapata sifa zake huko. Katika jambo hili haikuwa peke yake. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji wa wageni waliotoka kila upande wa nchi kutafuta kazi bandarini, katika reli na katika nyumba za watu. Mgeni aliyefika mjini aliwatafuta kwanza watu wa kwao: hao ndio waliompa mahali pa kulala, wakamtafutia kazi, na wakamzika alipokufa. Vyama vya watu wa kwao vilizaa pia starehe zao. Hivyo pamoja na Dar es Salaam Jazz, iliyokuwapo tangu miaka ya 1930, mji ukapata Western Jazz iliyotokana na watu wa Jimbo la Magharibi, Rufiji Jazz ya watu wa Rufiji, na Kilwa Jazz ya watu wa Kilwa. Kuhusu neno "jazz", lisitupotoshe. Kwetu halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilikuwa na maana ya bendi ya dansi inayotumia magitaa, basi.

Tuanze na mashtaka, maana ndiyo yaliyozisumbua bendi hizi kwa muda mrefu. Inasemwa kwamba muziki wa dansi ni wa kuazima. Hilo ni kweli, na hakuna sababu ya kulificha. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri zenye nyimbo za Cuba ziliuzwa katika miji ya Afrika Mashariki, na mapigo yake yakapendwa mno. Huko Morogoro Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba bila ya kuona haya. Baadaye ikaja rumba ya Kongo na magitaa yake yanayojibizana. Kilwa Jazz ilikunywa katika visima hivyo viwili. Atakayezisikiliza nyimbo zake za miaka ya 1960 atasikia rumba na chachacha, gitaa moja likishikilia mapigo na jingine likipita juu yake kama mtu anayetaka kusema jambo, na sauti za waimbaji zikienda pamoja. Anayetafuta humo ngoma za Wamatumbi au za Wamwera hatazipata kwa urahisi.

Lakini kuazima si kosa, na katika pwani hii hasa si jambo geni. Kilwa Kisiwani ilijengwa na kuazima. Msikiti wake mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ambayo pamoja na magofu ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ni kazi ya mafundi walioujua ujenzi wa ng'ambo ya bahari na waliojenga kwa mawe ya matumbawe ya hapahapa. Ngoma ya beni, iliyoenea katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, iliazima tarumbeta, sare na vyeo vya majeshi ya Wazungu, ikavitia katika mashindano ya mitaa ambayo ni ya Waswahili kabisa. Na mfano mzuri kuliko yote tunaupata Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Bahari ya utenzi ilipata malezi yake katika fasihi ya Kiislamu, na mara nyingi ilibeba habari za mitume na vita vya zamani vya Uarabuni. Mshairi huyu wa Lindi aliichukua, akaipakia habari za nchi yake mwenyewe na za wakati wake mwenyewe. Hakuna mwalimu wa fasihi leo anayeuita utenzi huo kuwa ni kitu cha kigeni. Kwa nini basi gitaa lihukumiwe kwa sheria nyingine?

Kwa maoni yetu, kipimo cha haki si kuuliza chombo kimetoka wapi, bali ni kuuliza kimefanyishwa kazi gani. Tukiipima Kilwa Jazz kwa kipimo hiki, tunaona kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni ya lugha. Bendi hizi zilitunga kwa Kiswahili katika miaka ambayo lugha yenyewe ilikuwa ikitakiwa kuwa lugha ya taifa kwa vitendo. Zilichukua muziki uliozoeleka kwa maneno ya Kihispania na Kilingala, ambayo wachezaji wetu waliyafurahia bila ya kuyaelewa, zikayatoa maneno hayo na kuweka maneno yenye maana. Tuchukue wimbo wa Kilwa Jazz unaojulikana kwa jina la "Lau Nafasi". Ni wimbo wa mapenzi: mtu ana mambo moyoni, anatamani apate nafasi ya kuyaeleza. Jambo lenyewe ni dogo, lakini tutazame neno "lau". Si neno la barazani tu, wala si neno la ofisini; ni neno la ushairi wa pwani, lenye unyenyekevu wa mtu anayeomba kidogo kwa sababu haamini kwamba atapewa kingi. Kijana wa Mwanza au Mbeya aliyeupokea wimbo huo redioni alipokea pamoja nao kipande cha Kiswahili cha pwani, na hakupewa na mwalimu mwenye chaki. Kwa njia hii dansi ilikuwa darasa. Tunathubutu kusema kwamba kwa wengi ilikuwa darasa lao la kwanza la ushairi.

Kazi ya pili ni ya jina, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Bendi nyingine zilijiita kwa majina ya makabila. Young Nyamwezi ya Tanga ni mfano, ambayo baadaye ilijiita Jamhuri Jazz. Jina la Kilwa halikuhitaji kubadilishwa. Kilwa si kabila. Mmatumbi wa vilimani, Mngindo wa Liwale, Mmwera, Mmachinga na Mswahili wa Kivinje wote waliweza kusema, "Sisi watu wa Kilwa," na hakuna aliyesema uongo. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19. Watu wengi walifika hapo kwa hiari na wengi zaidi waliletwa kwa minyororo, kwa kuwa mji huo ulikuwa soko kubwa la watumwa. Kutokana na historia hiyo chungu ulizaliwa mji wa watu waliochanganyika. Basi bendi iliyochukua jina la mji huo ilichukua jina ambalo tayari lilikuwa na umbo la taifa.

Zaidi ya hayo, tukumbuke jinsi watu wa Kusini walivyotazamwa mjini. Pwani ya Lindi ilikuwa mbali kwa hali kuliko kwa maili. Mto Rufiji uliitenga na Dar es Salaam kila masika, na daraja la kuvuka mto huo kwa uhakika, Daraja la Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Mtu wa Kusini alifika mjini kama mtu wa nyuma, akapewa kazi za nyuma. Hata jina la Wamachinga, ambao ni watu wa Lindi wenye nchi yao na mila zao, limegeuzwa tangu miaka ya 1980 kuwa jina la kila kijana anayetembeza bidhaa barabarani, awe ametoka Kigoma au Singida. Huo ni mfano wa jina la kwao lililochukuliwa na mji na kufanywa dharau. Kilwa Jazz ni mfano wa kinyume. Hapa jina la pwani iliyosahauliwa lilitangazwa kwa heshima. Watu wa makabila yote walilipa kiingilio ili wacheze chini yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, wakatunzwa, na jina la kwao likatunzwa pamoja nao.

Baada ya sifa hizi, haki inatutaka tuseme na upungufu. Kilwa Jazz ilibeba jina la Kilwa, lakini haikutusimulia Kilwa kwa kiasi ambacho jina hilo liliahidi. Nyimbo zake zilizopendwa sana ni za mapenzi, na mapenzi hayo yangeweza kutokea katika mji wowote. Abdul Karim bin Jamaliddini aliazima bahari akatia habari za kwao. Kilwa Jazz iliazima mapigo ikatia lugha ya kwao, lakini habari za kwao ikaziacha mlangoni. Bendi nyingine zilijaribu njia tofauti. NUTA Jazz iliuita mtindo wake Msondo, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ikauita wake Sikinde. Yote mawili ni majina yaliyotoka katika ngoma za jadi. Hatusemi kwamba jina la mtindo linatosha kuufanya muziki kuwa wa jadi. Tunasema kwamba mlango ulikuwapo, na kwamba kwa upande wa ngoma za pwani ya Kilwa na Lindi mlango huo ulifunguliwa kidogo tu.

Hata hivyo, lawama hii isiangukie bendi peke yake. Bendi kama Kilwa Jazz ziliishi kwa viingilio vya mlangoni. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, hivyo bendi zilizotaka sahani zilitegemea kampuni za Nairobi. Bendi ya NUTA ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wapigaji wake walipata mishahara, jambo ambalo bendi za watu wa kwao hazikuweza kulitoa. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa nchi hii hadi alipofariki mwaka 2014, alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kuingia NUTA. Kwa maneno mengine, bendi za watu wa kwao zililea, na mashirika ya umma yakavuna. Katika miaka ya shida ya uchumi baada ya Vita vya Kagera, vyombo na vipuri vyake vikawa adimu. Kilwa Jazz imenyamaza, kama zilivyonyamaza Western Jazz na Dar es Salaam Jazz. Anayetungia mlango hutunga kile ambacho mlango utalipia, na mapenzi hulipa kila mahali.

Tukirudi kwenye hotuba ya mwaka 1962, tunaona kwamba Mwalimu alisema kweli alipowalaumu walioona fahari kuiga. Lakini kuiga na kuazima ni mambo mawili. Anayeiga hujisahau, anayeazima hukumbuka kwao, na ndiyo maana hata jina la bendi yake ni jina la kwao. Tunaamini kwamba Kilwa Jazz iko upande wa pili, pamoja na upungufu wake.

Tungependa kumalizia kwa neno kwa walimu. Mwanafunzi wa leo husoma juu ya Kilwa katika somo la historia: huambiwa habari za Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, na Wareno walioushambulia mji mwaka 1505. Humaliza shule akiamini kwamba Kilwa ni magofu. Hakuna anayemwambia kwamba katika miaka ya 1960 neno hilo lilikuwa jina la bendi iliyowachezesha watu wa nchi nzima. Nyimbo nyingi za bendi za wakati ule zilirekodiwa na redio ya taifa, na kanda zake ni hazina ya umma iliyo mikononi mwa Shirika la Utangazaji. Mwalimu na atafute wimbo mmoja, auandike ubaoni kama anavyoandika shairi, awaulize wanafunzi vina vyake, msamiati wake, na nani anamwambia nani. Kisha awaulize swali la mwisho: bendi hii ilituimbia mapenzi, je, nani atatuimbia Kilwa yenyewe, na bahari yake, na vilima vyake vya Umatumbi? Pengine anayeweza kulijibu ameketi katika darasa la Kivinje au la Lindi, na bado hajashika gitaa.