Mwaka Ujao ni wa Nani?

Mjomba wangu ni shabiki wa AFC Leopards. Ingwe ilibeba ligi 1998, kabla sijazaliwa, na tangu nipate akili zangu namsikia mzee akifunga kila msimu mbaya kwa maneno yaleyale: "Mwakani, mjomba. We ngoja mwakani." Zamani nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki, na kilichonibadilisha si mpira wa miguu. Ni besiboli, mchezo ambao sijawahi kuuona ukichezwa mbele ya macho yangu.

Nazungumzia Moneyball, filamu ya 2011 ya Bennett Miller iliyotokana na kitabu cha Michael Lewis cha 2003. Kama hujaitazama, stori ni hii. Oakland Athletics, timu ya mji ulio ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, imetolewa na New York Yankees kwenye mchujo wa 2001. Kabla hatujajuana na mtu yeyote, filamu inatupa bei: mishahara ya Yankees ni dola milioni 114, ya Oakland ni milioni 39. Kisha matajiri wanakuja kuchukua wachezaji bora wa Oakland. Meneja mkuu, Billy Beane, anayeigizwa na Brad Pitt, anamwomba mwenye timu pesa zaidi. Ananyimwa. Basi anageukia hesabu. Anatafuta wachezaji ambao soko limewadharau lakini wanajua kitu kimoja muhimu: kufika kituo cha kwanza, hata kama ni kwa kumvumilia mrushaji mpaka akosee. Msimu wa 2002 Oakland inashinda mechi 20 mfululizo.

Mara ya kwanza niliitazama nikiwa mwaka wa pili chuoni, jamaa wa duka la muvi aliponijazia flashi. Niliipenda vibaya. Kuna ile meza ya wasaka vipaji, wazee wanaojadili sura ya mchezaji na uzuri wa demu wake kana kwamba hizo ni takwimu. Nilicheka kwa sababu nawajua watu hao. Wako kila ofisi uliyowahi kupeleka barua ya kuomba kazi. Halafu kuna Beane mwenyewe, aliyeacha nafasi ya Stanford mwaka 1980 ili asajiliwe na New York Mets, kisha akafeli kama mchezaji. Miezi michache baadaye nami nilikuwa nje ya chuo. Tofauti ni kwamba mimi sikukataa chochote. Nilikuwa na salio la karo, mfumo ukanifungia nje ya mtihani, na karani akaniambia, kwa upole kabisa, nirudi mwaka ujao.

Kwa hiyo mara ya pili niliitazama kama mgonjwa anayekunywa dawa. Filamu inasema bei uliyopewa si thamani yako. Ukiwa huna cheti, hayo ni maneno matamu.

Mara ya tatu ilikuwa juzi, baada ya kusoma yaliyoipata Oakland. Dawa haikufanya kazi.

Tuanze na udhaifu ambao watu wa besiboli wameulalamikia tangu zamani. Oakland ya 2002 haikuwa timu ya waliotupwa tu. Barry Zito alishinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka huohuo, Miguel Tejada akashinda ya mchezaji bora, na pembeni yao walikuwako Tim Hudson na Mark Mulder. Filamu inawapitia kama watu wa kupita njia, maana inataka kutusimulia habari za Scott Hatteberg na Chad Bradford, wale wa bei ya chini. Sawa, filamu si ripoti ya mkaguzi. Lakini hii ni filamu inayotuhubiria tuangalie namba zote bila upendeleo, kisha yenyewe inachagua namba zinazoipendeza.

Hilo ningelisamehe. Linaloniuma zaidi ni kile kikao cha Beane na mwenye timu. Hakuna pesa, anaambiwa, na kuanzia hapo filamu inaichukulia kauli hiyo kama hali ya hewa. Mvua imenyesha, tafuta mwavuli. Hakuna anayeuliza kwa nini hakuna pesa, wala nani aliyeamua hivyo. Werevu wote wa filamu, na ni mwingi, unatumika chini ya dari ambalo hakuna anayeinua macho kulitazama. Na sisi watazamaji tunakalishwa kwenye kiti cha meneja. Mashabiki tunawasikia kama kelele, sauti za kulalamika kwenye redio na umati wa kushangilia mechi ya ishirini. Hawajui hesabu, ndiyo maana wanakasirika. Ndivyo filamu inavyowaona.

Sasa njoo Oakland miaka 20 baadaye. Mwaka 2021 timu ilishinda mechi 86 ikapoteza 76, si mbaya. Machi 2022, kabla ya msimu, ikawauza Matt Olson kwa Atlanta na Matt Chapman kwa Toronto. Msimu huo ikapoteza mechi 102. Uliofuata, 2023, ikapoteza 112 kati ya 162. Wakati huo Olson alikuwa Atlanta akigonga mpira nje ya uwanja mara 54, kuliko mtu yeyote katika ligi zote mbili.

Shabiki wa timu kama hiyo anabishana nini msimu ukiisha? Kile tunachobishania sisi sote, uwe wa Arsenal, Gor au Man U. Kambi ya kwanza inataka kocha aende. Kambi ya pili inasema tulieni, tunajenga, hawa vijana wakikomaa mtanitafuta. Kambi ya tatu inasema shida si uwanjani, shida iko juu. Na Moneyball ndiyo zawadi kubwa zaidi ambayo kambi ya pili imewahi kupewa. Imetufundisha kusema "mkataba ule ulikuwa mzito" na "tumemuuza wakati mzuri" kama wahasibu, ila wahasibu wasiolipwa. Mtu hana nauli ya kesho lakini anatetea bajeti ya bilionea.

Oakland, kambi ya tatu ndiyo iliyokuwa sahihi. Mwenye timu, John Fisher, anatoka familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap. Timu maskini haikuwa na mwenye maskini. Aprili 2023, msimu ukiwa bado mchanga, ikatangazwa kwamba timu imepata ardhi Las Vegas. Ghafla ule mjadala wa kujenga ukakosa maana. Wale vijana huenda wangekomaa kweli, ila wangekomaa mbele ya watu wengine.

Walichofanya mashabiki baada ya hapo ndicho kisa ambacho ningependa mtu akitengenezee filamu. Timu ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima kwa mahudhurio, na utupu wa viti ulikuwa unatumika kama ushahidi kwamba mji hauitaki. Basi Juni 13, 2023, siku ya Jumanne ya kawaida, walifanya kinyume cha mgomo: walijaa. Watu 27,759. Zikagawiwa maelfu ya fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mwenye timu auze. Mchezo ulipofika awamu ya tano, wakasimama kimya wakati mgongaji wa kwanza akiwa uwanjani, kisha wakalipuka kwa wimbo wa "uza timu". Oakland iliishinda Tampa Bay 2-1, ushindi wa saba mfululizo katika msimu ambao ulikuwa umeshakufa.

Haikusaidia kitu. Wiki hiyohiyo wabunge wa jimbo la Nevada walipitisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja mpya. Novemba, wamiliki wa timu zote 30 walipiga kura, na hakuna hata mmoja aliyepinga uhamisho. Septemba 26, 2024 ikachezwa mechi ya mwisho Oakland. Watu 46,889 wakaiona timu yao ikiifunga Texas 3-2, wakaenda nyumbani. Kwa sasa timu inacheza karibu na Sacramento, kwenye uwanja mdogo, ikingoja wa Las Vegas uliopangwa kufunguliwa 2028. Jina limebaki Athletics tu, bila mji mbele yake.

Mtu anaweza kuniambia Oakland nayo iliipata timu hii hivyohivyo. Ni kweli. Ilitoka Philadelphia ikaenda Kansas City, na kutoka Kansas City ikafika Oakland 1968. Kila furaha ya Oakland ilikuwa kwanza mwaka ujao wa mtu mwingine. Hilo halimwoshi mwenye timu. Linatuonyesha tu kwamba mtindo ni wa zamani.

Ndiyo maana simcheki tena mjomba. Leopards ina matatizo mpaka basi, deni likiisha linakuja jingine, na uchaguzi wake ni vurugu. Lakini ni klabu ya wanachama. Hakuna bilionea anayeweza kuamka asubuhi akaihamishia Dubai. Mzee akisema "mwakani" anaongea juu ya kitu ambacho atakikuta. Anaweza kukosea kuhusu kikombe. Kuhusu klabu kuwepo, sidhani.

Mimi nilirudi chuoni mwaka uliofuata, kama nilivyoambiwa, nikiwa na karo nusu. Jina langu halikuwa tena kwenye mfumo. Yule karani hakunidanganya. Mwaka ujao ulikuja kweli. Ila haukuwa wangu. Nilichokosea ni kubishana na nafsi yangu miezi minane kuhusu nidhamu, alama na bidii, hesabu za kambi ya pili, bila kuuliza mlango ni wa nani.

Kwa hiyo itazameni Moneyball. Brad Pitt hajawahi kuwa mzuri hivyo, na mechi ya ishirini itakusimamisha hata kama hujui kituo cha kwanza kiko wapi. Lakini ukifika kile kikao cha mwanzoni, mtu akiambiwa hakuna pesa, simamisha filamu kidogo umtazame anayesema. Kisha kumbuka kwamba huko West Oakland, kwenye uwanja wa Raimondi Park, kuna timu ndogo ya ligi ndogo iitwayo Oakland Ballers, iliyoanza kucheza 2024, na mashabiki wake waliweza kununua hisa. Huko pia msimu ukiisha watu watabishana kuhusu kocha na vijana. Safari hii wana kitu mkononi cha kubishania.